Taa Inasema Kweli, Lakini Haisemi Yote



Leo tunaongea juu ya taa ndogo ya njano, ile yenye picha ya injini, inayowaka kwenye dashibodi ya gari zee. Tunajua kuna atakayesema: mimi sina gari, hii hainihusu. Ngoja kwanza. Katika mji huu gari zee ni shamba letu. Kuna anayeliendesha, kuna anayeliosha, kuna anayeuza spea, kuna anayeshinda gereji bila mshahara ili ajifunze, na kuna mama anayelipanda saa kumi usiku na mizigo yake ya nguo kwenda sokoni Owino. Gari hilo likilala, kuna watu wengi wanaolala nalo.

Wenzetu walio Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja wana kipande cha ardhi na mgao, hata kama ni mdogo na unazidi kupungua. Sisi wa mjini tulijua tangu siku ya kwanza kwamba ukichagua Kampala umechagua kujitegemea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na tunaishukuru, maana si kila nchi inafanya hivyo. Lakini haki ya kufanya kazi siyo kazi yenyewe. Kazi unaitafuta, na ukiikosa unaitengeneza.

Sisi tuko sita. Wanne tumetoka Kivu ya Kusini, mmoja Goma, mmoja Bujumbura. Tulikuwa na likelemba yetu kama watu wote: kila mwezi mmoja anapokea, wengine wanangoja zamu. Siku moja tukasema tuigeuze. Asipokee mtu. Kila mmoja aweke 60,000 kila mwezi, tuone itafika wapi. Baada ya miezi 20 ilifika 7,200,000, na kwa pesa hiyo tukanunua Toyota Corolla ya AE100, ile ambayo Kampala nzima inaiita Kikumi, yaani mia kwa Kiganda, kwa sababu ya hiyo namba 100. Wawili kati yetu wana leseni, wanapokezana usukani. Siku nzuri gari linaacha 40,000 baada ya mafuta na posho ya dereva. Linapaki karibu na barabara ya Ggaba, pale ambapo usiku wa Kabalagala haulali: baa zimefunguliwa, mikahawa ya Waethiopia na Waeritrea inapika, na kila mara kuna mtu anayetaka kurudi nyumbani asiyetaka boda.

Gari la umri huu halitakuja tena. Mwaka 2018 Uganda ilizuia kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi. Yale yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutembea, na ndiyo tunayoyaweza. Kwa hiyo kujua kuyatunza, kwetu, siyo ufundi wa kujifurahisha. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, nyumba zetu zimeongezeka watu. Chumba kilichokuwa cha wawili ni cha watano. Wote wanakula kwenye Kikumi ile ile.

Sasa, taa.

Jambo la kwanza tulilofundishwa na yaya mmoja wa kundi letu, aliyesomea umekanika miezi sita, ni hili: kabla hujawasha injini, geuza ufunguo hadi hatua ile ambayo dashibodi yote inawaka, halafu simama, angalia. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya breki, zote zinapaswa kuwaka. Ukishawasha injini zinazimika. Watu wengi wanafikiri taa isiyowaka ni dalili nzuri. Siyo lazima. Kama taa ya injini haiwaki kabisa hata kwenye hatua ile ya ufunguo, basi ampuli imeungua, au kuna mtu ameitoa. Na Kampala wapo wanaoitoa ili wauze gari. Kwa hiyo wewe unayeenda kununua gari, usianze kwa kusikiliza injini wala kupiga teke tairi. Geuza ufunguo, hesabu taa. Hiyo ni bure.

La pili ni rangi. Nyekundu maana yake simama. Njano maana yake kuna kitu, kitafute upesi. Kijani na buluu zinakupa habari tu, kama vile taa kubwa zimewaka.

Kati ya nyekundu, ile yenye picha ya birika la oili ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka ukiwa barabarani, toka pembeni, zima injini, usiseme "nifike tu hapo Nsambya". Injini bila presha ya oili inajisaga yenyewe kwa dakika chache, na hapo hakuna fundi, kuna injini nyingine tu. Subiri kidogo, vuta kile kijiti cha kupimia oili, angalia kama ipo. Kama ipo na taa bado inawaka, vutisha gari.

Taa ya betri haina maana kwamba betri ni mbovu. Maana yake betri haichajiwi. Angalia mkanda wa alternata kwanza. Kwenye magari mengi, pamoja na Kikumi, mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika na ukaendelea kwenda, utapata taa ya betri kwanza na injini iliyochemka baadaye. Na injini ikichemka, usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa moto. Tumeona mkono wa kijana ulioungua hivyo. Zima, ngoja hata nusu saa, ndipo ufungue polepole na kitambaa.

Taa ya breki: kwanza hakikisha breki ya mkono imeshuka. Kama imeshuka, fungua kapo uangalie mtungi wa maji ya breki. Yakipungua, usijaze tu na kuondoka. Yamekwenda wapi? Ama yanavuja, ama pedi zimekwisha.

Njano ndiyo inayoleta ugomvi. Nyekundu inatisha, watu wanasimama. Njano inakuachia uamue mwenyewe, na hapo ndipo kila mtu anakuwa daktari.

Yetu iliwaka mwezi wa nne, katikati ya mvua. Gari lilikuwa linatembea vizuri mchana kutwa, lakini alfajiri, injini ikiwa baridi, lilikataa kuwaka. Unazungusha, unazungusha, mpaka betri inachoka. Likishapata moto, hakuna shida. Wakati ule ule jirani yetu mmoja, mama wa Uvira, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mume wake yuko bado upande ule. Tulikuwa tumemwambia: mama, saa yoyote, hata iwe usiku wa manane, piga simu, gari lipo. Sasa gari lilikuwa na ugonjwa wa kugoma usiku peke yake. Mnaelewa kwa nini hatukulala.

Tukalipeleka kwa fundi. Hatutamtaja, na hana ubaya, mtasikia mbele. Alifungua kapo, akatazama, akauliza kama kipimo cha joto kwenye dashibodi kinafanya kazi. Tukasema ndiyo, sindano inapanda na kukaa katikati kama kawaida. Akatikisa kichwa. "Geji iko sawa, basi sensa ya joto iko sawa. Plagi ziko sawa, mafuta yanafika. Hii ni kompyuta, ssebo. Kompyuta imekwisha." Bei ya kompyuta iliyotumika, 450,000. Hizo ni siku kumi na moja nzuri, na katika maisha yetu siku nzuri kumi na moja hazifuatani.

Jioni tukakaa kikao, na kikao kilikuwa kigumu. Mmoja akasema tununue, fundi ni fundi. Mwingine akasema tuuze gari, kila mtu achukue pesa yake, afanye anachotaka. Hilo lilituuma kuliko taa. Miezi 20 ya kutokula nyama, halafu mtu anasema "pesa yangu". Hatumlaumu. Alikuwa na ndugu wanne wapya chini ya paa lake. Wa tatu akasema kwa kile Kiswahili chetu cha nyumbani:

"Tukate ile waya ya taa tu. Batu habaangaliake taa, banaangaliaka kama banafika."

Yaya akamjibu polepole:

"Na siku moteri itakufa, utakata nini?"

Halafu akasema neno ambalo sasa tumeliandika ukutani: tusinunue kitu ambacho hatujapima. Akaomba siku mbili. Tukampa.

Hapa tunaeleza alichofanya, hatua kwa hatua, ili na wewe uweze.

Magari mengi ya leo yana tundu la pini 16 chini ya usukani. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari yaliyouzwa kule kuanzia mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Unachomeka kifaa kidogo, kinaongea na simu yako, simu inakuonyesha namba ya kosa. Lakini angalieni: magari ya Japani ya miaka ile ya kati, hata yakiwa na tundu lenye umbo lile lile, siyo yote yanakubali kuongea na kifaa cha bei rahisi. Kabla ya kununua kifaa, omba cha kuazima ukijaribu kwenye gari lako.

Kikumi ni ya kabla ya hayo. Haihitaji kifaa chochote. Inahitaji kipande cha waya. Ukifungua kapo utaona kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Tafuta mawili: TE1 na E1. Injini ikiwa imezimwa, gia iwe huru, mguu usiguse mafuta, kila kitu cha umeme kimezimwa, unaunganisha matundu hayo mawili kwa waya, halafu unageuza ufunguo bila kuwasha injini. Soma ramani vizuri. Kuna matundu mengine yenye umeme pale ndani, na ukiunganisha yasiyofaa unaweza kuunguza kitu.

Halafu unatazama taa ile ile ya njano. Ikiwa inawaka na kuzima kwa haraka bila kupumzika, sawasawa, kompyuta inasema haina kosa lolote kwenye kumbukumbu. Ikiwa ina kosa, inahesabu. Inawaka mara kadhaa, inapumzika kidogo, inawaka tena mara kadhaa. Ya kwanza ni makumi, ya pili ni mamoja.

Yetu iliwaka mbili. Ikapumzika. Ikawaka mbili. Ikanyamaza kidogo, ikarudia: mbili, mbili.

22.

Tulikuwa watano tumeinama kuzunguka mlango wa dereva, na kuna aliyepiga kelele kama timu imefunga. Gari ambalo kitabu chake ni cha Kijapani, lililokuwa linatibiwa kwa Kiganda na wenye gari wanaosema Kiswahili na Kirundi, lilikuwa limeongea, na sote tulikuwa tumeelewa.

Kwenye injini hizi za Toyota, 22 ni saketi ya sensa ya joto la maji. Kwenye magari yenye lile tundu la pini 16, ugonjwa huo huo huandikwa P0115. Lakini fundi alikuwa amesema sensa ya joto ni nzima, na ni kweli sindano ya dashibodi ilikuwa inafanya kazi. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Sensa ni mbili. Moja ina waya mmoja, nayo inaongea na dereva: ndiyo inayosukuma sindano. Nyingine ina waya mbili, nayo inaongea na kompyuta: ndiyo inayosema "injini ni baridi, ongeza mafuta ya kuwashia". Ya dereva ilikuwa nzima. Ya kompyuta ndiyo iliyokuwa na shida. Na kompyuta ya Toyota ikikosa habari kutoka kwa sensa hiyo, haisimami. Inajikadiria kwamba maji yana joto la nyuzi 80 na inaendelea kufanya kazi. Mchana, injini ikiwa moto kweli, kadirio hilo ni sawa, gari linatembea. Alfajiri, injini ikiwa baridi, kadirio hilo ni uongo, mafuta ni machache, gari haliwaki. Dalili zote zikakaa mahali pake.

Hapo mtu anakimbilia Kisekka kununua sensa. Yaya akatuzuia tena. Namba, alisema, ni kama kuambiwa mtaa, bado hujaambiwa nyumba. 22 inasema saketi. Saketi ni sensa, ni soketi yake, ni waya mpaka kwenye kompyuta. Tupime.

Tulinunua mita ndogo ya kupimia umeme, 25,000. Asubuhi, injini ikiwa baridi, tukachomoa soketi ya sensa na kupima sensa yenyewe. Kwenye nyuzi 20 hivi inapaswa kuonyesha kati ya omu 2,000 na 3,000. Ilionyesha 2,400. Tukawasha gari kwa shida, likapata moto, tukazima, tukapima tena. Kwenye nyuzi 80 inapaswa kuwa kati ya 200 na 400. Ilionyesha 310. Sensa ilikuwa nzima kabisa. Kama tungeinunua, tungekuwa na sensa mbili nzima na gari lisilowaka.

Ikabaki soketi na waya. Akavuta kwa vidole, polepole, akasikia waya mmoja umelegea ndani ya ganda lake, nyuma tu ya soketi. Akachana ganda. Ndani, shaba ilikuwa imegeuka kijani, unga mtupu. Nyuzi mbili au tatu ndizo zilizokuwa zimeshika. Maji yaliingia pale, na hatushangai: kwenye sehemu za kuosha magari, watu wanapenda kupiga maji ya presha ndani ya injini ili ing'ae. Kati yetu na kati yenu wapo wanaofanya kazi hiyo. Tunawaomba: funikeni soketi na kile kisanduku kwa mfuko wa plastiki kabla ya kupiga maji. Mteja hatawashukuru kwa sababu hatajua, lakini mtakuwa mmemwokoa.

Soketi yenye kipande cha waya kutoka kwenye gari lililochinjwa, 15,000. Risasi ya kuunganishia na mpira wa kufunikia, 5,000. Ukiongeza na ile mita, 45,000. Sehemu moja ya kumi ya kompyuta, na mita tumebaki nayo.

Baada ya kuunganisha, taa ilizimika. Lakini kosa la zamani linabaki kwenye kumbukumbu mpaka ulifute, na usipolifuta litakuchanganya siku nyingine. Unatoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika, unairudisha. Halafu unafanya tena ule mtihani wa TE1 na E1. Safari hii taa ilipepesa sawasawa, haraka haraka, bila kupumzika. Hakuna kosa. Hata hivyo hatukusema "imepona" siku ile. Tulingoja alfajiri saba. Zote saba liliwaka kwa mara ya kwanza.

Wiki ya tatu baada ya hapo, saa tisa usiku, simu ya mama ikaja. Barabara ilikuwa na maji, injini ilikuwa baridi. Dereva aligeuza ufunguo, akangoja taa ziwake zote, kama alivyofundishwa, akawasha. Walifika hospitali kwa wakati. Mtoto ni wa kike.

Tulirudi kwa yule fundi. Siyo kwa kumcheka. Tulimwonyesha ule waya wa kijani, tukamwonyesha namba kwenye mita. Alikaa kimya, kisha akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sensa ni mbili. Miaka kumi na tano yuko gereji, na hajawahi kuwa na mita. Tukaelewa kitu. Fundi asiye na kipimo anabahatisha, na kubahatisha kwake kunalipwa na mwenye gari. Hakuwa anatuibia kwa sababu sisi ni wakimbizi, ingawa hilo ndilo lililokuja kwanza katika vichwa vyetu, kwa sababu tumeibiwa mara nyingi. Alikuwa maskini wa vifaa kama sisi. Sasa akipata gari lenye taa ya njano, anamwita yaya. Wanagawana.

Ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hapa tunaongea nanyi. Mmefundisha vijana wengi wa kikimbizi umekanika, na tunawashukuru, yaya wetu ni tunda lenu. Lakini kijana anamaliza na cheti mkononi na hana hata bisibisi. Cheti hakipimi waya. Kama bajeti haitoshi kumpa kila mmoja sanduku la vifaa, wekeni sanduku moja kwa watu kumi, mahali pamoja, lenye mita, lenye kifaa cha kusomea magari ya pini 16, lenye daftari la kuandika nani kachukua nini. Sisi sita tulinunua gari zima kwa daftari la namna hiyo, hamna haja ya kuogopa kwamba vifaa vitapotea.

Na tuna la pili, mtusamehe tukilisema wazi. Mnapokuja na fomu, mnaandika: kijana huyu hasomi, huyu hana kazi, huyu hahudhurii. Ni kweli yote. Ni kama 22. Fomu imewaambia mtaa. Msikimbilie kubadilisha kompyuta, wala msiseme sensa ni mbovu. Mara nyingi kijana ni mzima, na ofisi ni nzima, waya wa katikati ndio uliooza: tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza peke yake, nauli ya kutoka Kabalagala hadi kwenye semina, mkutano uliowekwa saa ambazo watu wako kazini. Vuteni waya kwa vidole, polepole, mtasikia pale ulipolegea.

Na ninyi wenzetu, msikate waya wa taa. Tunajua wakati mwingine unachoka kuitazama. Unabandika karatasi juu yake, unaendelea kutafuta feza. Sisi pia tulitamani. Lakini taa hiyo ni rafiki asiyekuomba kitu, anakwambia mapema, wakati bado ni 45,000.

Kila Jumamosi baada ya saa nane mchana tuko pale gari linapopaki. Mwenye Kikumi aje na kipande cha waya. Mwenye gari la pini 16 aje na simu yenye chaji. Asiye na gari aje hivyo hivyo, kuna mita moja na macho mengi yanahitajika kuhesabu taa. Wasichana mje, mwalimu ni dada yenu. Hatulipishi kuangalia. Soda tukipewa hatukatai.